Salsa kwa anayeanza: mguu, mkono na adabu za ukumbini

Jumapili, mchana

Anayeanza salsa huwa na njaa ya staili. Anataka kujua awe na mizunguko mingapi mfukoni ndipo athubutu kwenda usiku wa salsa. Kila ninapolitafakari swali hilo narudi kwenye vitu vitatu: mguu wa msingi, mzunguko mmoja wa kulia, na kumvusha mwenzako kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa vitu hivyo tu unaweza kucheza wimbo mzima wa dakika nne na mwenzako akaondoka anatabasamu. Watu hawakimbiwi ukumbini kwa uchache wa staili. Hukimbiwa kwa mkono mzito, hatua ndefu na shati lililolowa.

Tuanze na mguu. Salsa huhesabiwa hadi nane: unakanyaga 1, 2, 3, unatulia 4, unakanyaga 5, 6, 7, unatulia 8. Kwa mtindo wa kuanzia kwenye moja, anayeongoza anapeleka mguu wa kushoto mbele kwenye 1, anarudisha uzito mguu wa kulia kwenye 2, anakusanya kushoto kwenye 3. Kwenye 5 mguu wa kulia unakwenda nyuma, 6 uzito unarudi kushoto, 7 anakusanya kulia. Anayefuata hufanya kinyume chake, akianza na kulia nyuma. Ni hayo tu, na ni hapo hapo wengi wanapopotea.

Kosa la kwanza ni kukanyaga 4. Kimya kile kinamtia mtu wasiwasi, anakijaza kwa hatua moja ya ziada, na ikifika 5 uzito uko kwenye mguu usiotakiwa. Utalijua kosa hilo kwa magoti: yakianza kugongana, mmoja wenu ameiba hesabu. Kosa la pili ni kuegemea nyuma kwenye 5. Mguu unakwenda nyuma, kiwiliwili kinabaki juu ya mguu wa mbele, kwa sababu pigo linalofuata unatakiwa uwe umesharudi. Ukijitupa nyuma mzima mzima, unamvuta mwenzako na 6 inakukuta njiani. Hatua isizidi urefu wa kiatu chako. Nyimbo nyingi za salsa huenda kati ya mapigo 150 na 220 kwa dakika, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo hatua inavyofupika. Anayerefusha hatua wimbo ukichanganya huwa anachelewa tu, hata kama kwa mbali anaonekana yumo.

Kuitafuta moja ndiko kunakotesa zaidi. Acha tarumbeta, sikiliza konga, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja. Mpigaji hupiga kofi kali kwenye 2 na kwenye 6, kisha midundo miwili ya wazi, tu-tu, inayoanzia kwenye 4 na kwenye 8. Mara tu baada ya tu-tu, mguu wako unashuka. Konga haikwambii kama ni 1 au 5, maana pande zote mbili hulia sawa; hapo msikilize mwimbaji, mara nyingi sentensi yake hufunguka karibu na moja. Fanya hivyo umekaa kitini, kidole mezani, kabla hujamshika mtu.

Kwa hili sikio la huku kwetu lina bahati. Santuri za son, muziki wa Kuba uliozaa salsa, zilizouzwa Afrika kwenye mfululizo wa GV kuanzia miaka ya 1930 ziliingia Kongo, na wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakajenga rumba yao wakiwa nazo masikioni. Septemba 1974 Fania All-Stars, kundi la salsa la New York, pamoja na mwimbaji wa Kuba Celia Cruz walipiga Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ngumi la Ali na Foreman, na haikuwa kazi kubwa kuwachezesha watu. Aliyekulia kwenye rumba na muziki wa dansi ameshaizoea klave, yaani mdundo wa msingi unaoushikilia wimbo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Lakini bahati hiyo ina mtego. Kwenye rumba tumezoea kushikana wakati wa kuimba, na sebene likianza gitaa linachemka, tunaachana, kila mtu na kiuno chake. Kwenye salsa nako, sehemu ya kuitikiana inapoanza, mnaweza kuachia mikono kwa nane mbili tatu mkacheza miguu. Sharti ni kurudi. Anayeachia akasahau kwamba alikuja na mtu anamwacha mwenzake kasimama katikati ya ukumbi akipiga makofi ya adabu. Sioni utovu unaozidi huo, na bahati mbaya wanaoufanya ndio wenye vipaji.

Sasa mkono, maana hapa adabu na ufundi ni kitu kimoja. Mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa kwenye kombe la bega la kushoto la mwenzake, vidole vimefungana, kiganja tambarare. Haukai kiunoni: kiuno kinayumba, hakisomeki, na mikono inayoteremka huko inaeleweka vingine. Anayefuata analaza mkono wa kushoto juu ya mkono ule, bila kuning'inia. Viwiko vya wote wawili vinabaki mbele kidogo ya mbavu. Kiwiko kikirudi nyuma ya mgongo, bega linabeba mzigo wote.

Upande wa pili, anayeongoza ananyoosha vidole na anayefuata anaviwekea vyake juu kama ndoano. Kidole gumba kinabaki hewani. Naliona kosa hili kila ukumbi: gumba linabana mgongo wa kiganja, mkono unainuliwa kwa mzunguko, na kwa kuwa kiganja kimefungwa, kinachozunguka ni kifundo cha mkono. Huumiza, na anayefuata huwa hasemi. Wimbo ujao anakwenda chooni.

Mzunguko wenyewe hauhitaji nguvu. Cheza 1, 2, 3 kama kawaida, kwenye 4 inua mkono wa kushoto hadi juu kidogo ya kichwa cha mwenzako, uutulize hapo. Yeye anakanyaga kushoto mbele kwenye 5, anageukia kulia, anakanyaga kulia kwenye 6, anamalizia kwenye 7 akikutazama. Mkono wako unachora duara dogo juu ya utosi wake, basi. Ukiuinua kwenye 5 umechelewa, atakimbia kukufikia. Ukiukoroga kama mwiko utamwondoa kwenye mhimili wake, na atayumba ingawa kosa si lake. Naye asijizungushe kabla ya kuitwa. Mkono uliopanda wakati mwingine unataka kubadilisha mshiko tu.

Kumvusha ni suala la kutoka njiani. Kwenye 3 anayeongoza anatua ubavuni mwa njia, amegeukia kushoto robo duara. Kwenye 5, 6, 7 kiganja cha kombe la bega kinamwonyesha mwenzake kwamba mbele kuko wazi. Usipohama, atalazimika kukuzunguka, na mtaonekana mnagombea mlango.

Nafasi ni ya kushirikiana. Ukumbi ukijaa, kila jozi ina kama mita moja na nusu kwa mbili, na njia yenu isikatize ya jirani. Tazama nyuma kabla ya kurudisha mguu, tua kwanza na sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikae chini. Kisigino chembamba kikitua kwenye mguu wa mtu mwenye viatu vya wazi kinaweza kutoa damu. Kuinuana na kulaliana chini ni mambo ya jukwaani. Mkigongana, inua kiganja, sema samahani, hakikisha mtu hajaumia, hata kama unaamini wewe ndiye uliyegongwa. Vinywaji vipite pembeni, kamwe visipite katikati.

Mavazi nitayapita haraka. Raba zenye soli ya kung'ang'ania huliacha goti lizunguke peke yake mguu ukiwa umekwama. Tafuta soli ya ngozi au ya suedi. Vua saa na pete kubwa, toa funguo mfukoni, funga nywele ndefu. Shati mbili za akiba na taulo dogo kwa anayetoka jasho sana. Manukato kidogo.

Kumwomba mtu ni rahisi: salamu, mkono, "Tucheze?" Akiwa mkubwa kwako shikamoo inatangulia, kisha ombi, na usishangae akikuzidi pumzi. Mwanamke anaomba kama mwanamume. Akikwambia "Asante, napumzika," ondoka hapo hapo bila kuuliza kwa nini. Wapo wanaoshikilia kwamba ukimkataa mmoja usicheze wimbo huo huo na mwingine. Mimi naiona ni heshima nzuri kuifuata, isipokuwa uliyemkataa ni mtu anayeumiza au mwenye mikono ya kutangatanga. Huyo hana haki ya kudai maelezo. Wimbo mmoja, au miwili, mnashukuriana, unamsindikiza hadi pembeni. Kumng'ang'ania mtu nyimbo nne mfululizo kunawanyima wengine, na kunamweka pagumu asiyejua namna ya kukuaga.

Usifundishe katikati ya wimbo. Mwenzako akikosea, rudi kwenye mguu wa msingi kwa nane mbili, mtakutana. La kusema papo hapo ni lile linalouma tu: "Legeza kidogo mkono," nalo lisemwe na yeyote kati yenu.

Na dijei akiingiza bachata au kizomba, ambazo huchezwa kwa ukaribu zaidi, anayeongoza asimvute mwenzake kifuani. Anafungua mkono, anayefuata anachagua umbali. Akiweka mkono wake wa kushoto mbele ya bega lako kama kizuizi, huo ndio umbali wa wimbo huo, na kizomba huchezeka vizuri hata hapo.