Siku Kompyuta Yangu Ilipoita Shule "Shilingiule"

Fundi wa mjini hakunisubiri hata nimalize. "Mzee, hiyo ni kupiga window upya tu." Elfu ishirini hivi. Nikamshukuru, nikachukua fimbo na kompyuta yangu, nikapanda daladala ya Igoma. Kisoma skrini, ile programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, kinatamka vibaya, window inaingiaje hapo?

Mimi sioni. Nachapa orodha za mizigo na bei za akina mama wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kompyuta inanisomea kwa NVDA, kisoma skrini cha bure, kwa sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Sauti ina ubatibati, nimeshaizoea. Shida vifupisho: "sh", "kg", "/=", vyote inavitafuna. NVDA ina kamusi ya matamshi, unajaza neno moja moja. Mimi nilikuwa na zaidi ya mia, nikajitia ujuaji: nikaandika skripti, programu fupi ya lugha ya Python, iyamwage yote kwenye default.dic, faili la kamusi hiyo.

Kimya. Nazima, nawasha, wapi! Siku mbili. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, labda imechoka." Nilipofungua kumbukumbu za NVDA, inakoandika makosa yake, kwa NVDA+F1 ndipo nikakuta mistari yangu yote imekataliwa. Mstari unatakiwa uwe neno, tab (ile alama ya kurukia pengo, si nafasi za kawaida), mbadala wake, tab, namba, tab, namba. Nikaweka kishale mwanzo wa mstari, nikatembea herufi kwa herufi: k, g, nafasi, nafasi, nafasi, nafasi. Nne! Mstari wa mfano nilioufuata nilijitumia kwa simu, tab zikageuka nafasi njiani. Mwenye macho angeona pengo tu akapita. Sikio langu lililikamata, nikazirudisha tab, na siku hiyo nilijinunulia sato mzima.

Sato hata hajaiva, mteja akatuma ujumbe. Kompyuta ikasoma: "Shilingiikamoo mjomba, naomba barua ya shilingiule, mshilingiahara umechelewa." Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Namba ya mwisho nilikuwa nimeandika 0, nikidhani maana yake ni kawaida tu. Kumbe 0 ni "badilisha popote ulipoikuta", 2 ndiyo "neno zima". Nikaweka 2 kote. Mara "20kg" ikagoma, maana kg imegandana na tarakimu, haihesabiki kuwa neno peke yake. Hiyo nikaipa 1, yaani kutafuta kwa kanuni: `(\d)kg\b`, mbadala `\1 kilo`, yaani ukikuta tarakimu imegandana na kg, iache tarakimu, kg isome kilo. Ile "/=" ikabaki na 0 yake, haina herufi, ya neno zima haiishiki.

Na ole wako skripti iandike faili, halafu kabla hujaiwasha NVDA upya kwa Ctrl+Alt+N uongeze neno kwenye menyu. Ukibonyeza OK inaandika kamusi yake ya zamani juu ya yako. Maneno kama arobaini yalinipotea hivyo, sasa skripti inaanza kwa kutunza nakala.

Siku hizi napigana na ng'ombe. Huku Usukumani ng' imejaa hadi kwenye majina ya watu, na ikichapwa kwenye simu ritifaa, kile kialama cha juu baada ya ng, mara nyingi huja imepinda, ambayo kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa. Kila jina nimeliingiza mara mbili, la ritifaa iliyonyooka na la iliyopinda.