Nauli ya Kutoka Kigoma

Kila Desemba kikoba chetu cha Mbagala kilikuwa na desturi yake. Tukishagawana hisa na faida, hela iliyosalia kwenye mfuko wa jamii, ile ya kusaidiana misiba na maradhi, tunaitoa sadaka kwenye kituo cha watoto yatima. Mchele, sukari, sabuni za mche, katoni ya biskuti. Tunavaa sare ya kitenge, tunakodi Hiace, tunapiga picha tumeshika mifuko pembeni ya watoto waliosimamishwa juani. Sare nilikuwa nashona mimi, kwa hiyo nisijifanye desturi hiyo haikunilipa.

Mwaka 2014 mfuko ulibaki na shilingi 640,000. Misiba ilikuwa michache, alhamdulillahi. Mwenyekiti akasema kituo ni kilekile, akaanza kupiga hesabu ya kilo. Nikanyoosha mkono.

"Mimi naomba mwaka huu tuwasaidie akina mama wenye fistula."

Wanaume wakaangalia sanduku. Shoga yangu akanifinya paja. Kijana mmoja mgeni kikundini akauliza, "Ndiyo nini hiyo?" na hakuna aliyetaka kumjibu.

Jina hilo na mimi nilikuwa nimelijua mwaka huohuo, kwa redio. Redio ndiyo mwenzangu kibandani. Ilikuwa Mei 23, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya ugonjwa huo, na muuguzi alikuwa anaeleza taratibu, bila kuficha maneno. Mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila kupata msaada, kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama laini ya njia ya uzazi na kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama inakufa. Mara nyingi mtoto naye anafariki. Baada ya siku chache ile nyama iliyokufa inaachia tundu, na kuanzia hapo mkojo unatiririka wenyewe, mchana na usiku. Wengine hata haja kubwa.

Nilisimamisha cherehani. Alikuwa anamsema shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alirudishwa kwetu Kondoa mimi nikiwa mtoto mdogo. Alikaa na uchungu nyumbani siku mbili kwa mkunga wa jadi, ndipo wakambeba juu ya kitanda cha kamba kumpeleka hospitali. Mtoto alitoka amekufa. Mume alivumilia kidogo, kisha akamrudisha kwa wazazi wake na kanga zake. Alijengewa chumba nyuma ya jiko. Alikuwa anafua usiku, watu wakishalala, na kabla ya alfajiri kanga zimeshaanikwa upande wa zizi ambako mgeni hapiti. Harusini haendi. Msibani anakaa nje, mbali na wenzake, na bado utawasikia wakivuta pumzi kwa pua. Ilisemwa amerogwa na mke mwenza. Bibi yangu alitumia mbuzi wawili kwa waganga. Shangazi alifariki 1999, na katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu hata mmoja akitamka kwamba ule ni ugonjwa, na kwamba unashonwa.

Sasa kikaoni sikuyasema yote hayo. Nilisema ya redioni, na kidogo ya shangazi, kiasi cha kueleweka. Nikaongeza kwamba hospitali ya CCBRT, hapahapa Msasani, inawafanyia upasuaji bila malipo.

Hapo ndipo mweka hazina aliponikamata. Huyu ni fundi pikipiki, mkali wa hesabu, hata mkewe humtoza faini akichelewa. "Dada fundi, umesema bure?"

"Bure."

"Basi sisi tunalipia nini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akaingilia: yatima tunawaona, tunawashika mikono. Hao akina mama nani atawaona? Picha tutapiga na nani? Aliuliza kwa dhati kabisa. Kwa baadhi yetu picha ile ilikuwa ndiyo stakabadhi, na simlaumu. Kikundi ambacho fedha yake haionekani ilikokwenda hakifiki mwaka wa tatu.

Nikaeleza habari ya nauli. Wagonjwa wengi wako mikoani, kwenye vijiji visivyo na lami. Tiba inaweza kuwa bure Dar es Salaam na mtu wa Sumbawanga asiipate, kwa sababu ya tiketi ya basi. Hospitali ilikuwa imebuni njia: ina mabalozi huko mikoani, watu wa kawaida au wauguzi wa zahanati, ambao wakimpata mgonjwa wanapiga simu. Akishakubaliwa, nauli inatumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya balozi, balozi anakata tiketi na kumpandisha mgonjwa basi. Mgonjwa akifika hospitali, balozi naye anatumiwa ahsante yake kidogo. Mweka hazina alipenda hapo pa mwisho. "Kwa hiyo asipofika, balozi hali?" "Hali." Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari.

Lakini kura zilikuwa bado hazijasogea. Aliyezisogeza ni bibi mmoja muuza mihogo ya kukaanga, mtu wa Kigoma, ambaye tangu tuanze kikundi alikuwa anakuja, ananunua hisa zake, anaondoka. Alisema bila hata kunyoosha mkono.

"Mimi nilikuja hapa kwa treni, mzima wa afya, na nauli nilikopa. Mtu ananuka mkojo, nani wa kumkopesha? Na akiipata, nani atakaa naye siti moja kutoka Kigoma mpaka hapa?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti akaita kura. Tulipatana nusu kwa nusu: 320,000 hospitali, 320,000 kwa watoto, na sare mwaka huo hakuna. Mimi ndiye niliyepoteza kazi ya kushona.

Tulikwenda Msasani wawakilishi watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Nilitegemea sijui nini, labda hotuba. Dada wa ofisini alihesabu fedha, akaandika risiti, akatuketisha na kutueleza kwa uwazi kwamba hela yetu inaingia kwenye fungu moja na za wengine, hivyo hawezi kutuambia imempandisha basi mama gani wa wapi. Mweka hazina alitaka namba ya basi. Dada akacheka, akamwambia hiyo haipo.

Mwenyekiti akaomba picha na wagonjwa. Alikataliwa kwa heshima, na nilifurahi mno, ingawa nilitazama chini. Watu waliofichwa vyumba vya nyuma maisha yao yote, leo tena wawe mapambo ya simu yetu?

Tulipokuwa tunatoka tulipita karibu na akina mama kadhaa waliokaa kivulini, mpira wa mkojo umepita chini ya kanga mpaka kwenye mfuko. Mpira ule hukaa kama wiki mbili baada ya upasuaji, kidonda kipone. Walikuwa wanabishana kuhusu mtu aliyemaliza chai ya mwenzake. Binti mmoja kati yao, sidhani alikuwa amefika miaka 20, alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, na wenzake wanamkemea asije akaachia nyuzi. Shangazi sikuwahi kumwona katikati ya wanawake wenzake namna ile. Nilimtangulia mwenyekiti kwenda getini ili wasinione uso.

Picha ilipigwa hatimaye, nje ya geti, mweka hazina ameshika risiti kifuani.

Mwaka uliofuata tulifanya marekebisho ya katiba ya kikundi. Kwenye kifungu cha mfuko wa jamii ukaongezwa mstari kwamba nusu ya salio la Desemba ni ya nauli za wagonjwa, na risiti isomwe mbele ya wanachama wote. Bibi wa mihogo alitaka "nusu" ifutwe, iandikwe "yote". Alishindwa kwa kura nne, na mweka hazina akamtoza faini ya shilingi 500 kwa kuzungumza bila kunyoosha mkono.