Kamba ya sentimita 66: tulivyomfikisha kijana kwenye michoro ya Kolo

Ushauri wa kwanza niliopewa: "Mwache kwa bibi yake, mkirudi mtamwonyesha picha kwenye simu." Wa pili: "Mpeleke Nyerere Square akale aiskrimu, si kutembea tu anataka?" Huyu wa pili ni ndugu wa damu, kwa hiyo nilinyamaza, ila chai yake sikuimaliza.

Mwanangu ana miaka 13. Alizaliwa na mgongo wazi, na kiti mwendo anatumia tangu utotoni. Nyerere Square anaijua kuliko wauza karanga wa pale. Alichotaka ni michoro ya miambani ya Kondoa Irangi. Darasani wamefundishwa kwamba UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, akarudi nyumbani na swali: "Mama, wazungu wanapanda ndege kuja kuiona, sisi tuko hapa Dodoma tunangoja nini?"

Mara ya kwanza tulikwenda kijinga, na mjinga nilikuwa mimi. Nilimpigia jamaa mmoja anayetembeza wageni nikamuuliza, kiti mwendo kinafika? "Kinafika dada, hata wazee wanapanda." Nikafunga vitumbua, tukapanda Noah ya shemeji, mimi, baba watoto, kijana na mdogo wake wa kike.

Lami ni nzuri, haina neno. Kondoa mjini unaipita, unakwenda zaidi ya kilomita 20 mpaka Kolo, pale ofisini unalipia na kupewa mwongozaji. Ukishaiacha lami kuelekea mapango ya Mongomi ndipo utajua. Mawe, makorongo, Noah inakwaruza tumbo kila baada ya dakika, na kila ikikwaruza baba watoto ananitazama kana kwamba barabara nimeichonga mimi. Tukafika chini ya kilima. Kiti kilipiga hatua kama kumi na tano, gurudumu dogo la mbele likaingia kati ya mawe mawili, kak! Uma wake ukakatika.

Mdogo wake alipanda na baba yake. Kijana akabaki na mimi ndani ya gari, anakitazama kilima kwenye kioo. Yule binti aliposhuka hakusimulia kitu, aliingia akakaa kimya. Mpaka tunapita Chemba hakuna aliyefungua mdomo, na vitumbua vilirudi vilivyo.

Nilichojifunza ni kwamba swali la "kinafika?" halina maana. Mtu wetu hapendi kukuvunja moyo, atakwambia kinafika hata kama ni juu ya mnazi. Tena kwetu sisi jambo la kwanza si kilima, ni choo. Kijana hutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa tatu nne, anafanya mwenyewe, ni mkubwa sasa, anahitaji pa faragha na pasafi, na kiti kiingie. Tena kwa safari ya pili tulitaka kulala Kondoa tuwahi asubuhi.

Basi nikapima kiti, mikono ikiwa juu ya magurudumu: sentimita 66. Nikakata kamba ya katani urefu huohuo, nikaitia kwenye bahasha, nikamkabidhi kondakta wa basi la Kondoa. Kule stendi ikapokelewa na kijana wa bodaboda niliyeunganishwa naye na jirani. Nikamwambia, mdogo wangu, zunguka nyumba za wageni, nyoosha kamba kwenye mlango wa chumba, halafu mlango wa choo, nipigie picha. Baadaye alinisimulia kwamba nyumba ya pili walimfukuza, walidhani katumwa na mganga.

Alizunguka nyumba tano. Milango ya vyumba ilipita yote. Milango ya choo ilipita mmoja! Kuna mahali walijisifu wana chumba maalumu cha walemavu, na kweli mlango wa chumba mpana kama wa ghala, ila kwenye picha ya choo kamba imekunjwa, karibu kiganja kizima kimezidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, lakini nadhani mafundi wengi wa milango hawajawahi kukutana nayo. Ile nyumba moja iliyopita haikuwa na maji ya moto. Sikujali, ndoo zipo.

Kwa zile gurudumu ndogo za mbele nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Wazo lilikuwa la kijana mwenyewe, alikuwa ameona video: unafunga gurudumu moja kubwa mbele kwenye pa kuwekea miguu, yale madogo yananing'inia hewani, kiti kinapita mchangani na kwenye kokoto. Fundi akatoa gurudumu la baiskeli ya mtoto na bomba. Jaribio la kwanza lilimlaza chali kama mtu anayenyolewa ndevu, mtaa mzima ukacheka na yeye akacheka kuliko wote. La pili fundi akafupisha bomba, likakaa. Jumla ilikuwa elfu thelathini na kitu, sikumbuki, na soda mbili. Tairi za nyuma tukazivalisha ndani vipande vya tyubu kuukuu, maana miiba ya huku haina huruma.

Safari ya pili tulikodi gari la juu, hilo ndilo lililokula hela. Tulichagua Agosti, vumbi tu na baridi ya upepo. Pazia la kanga madirishani likawa choo chetu cha njiani.

Kilima chenyewe nisikudanganye, magurudumu hayapandi. Tulipatana na vijana wanne wa palepale, elfu kumi kumi. Tulikuja na mirunda miwili, tukaipitisha chini ya kiti na kuikaza kwa mipira ya tyubu. Siri iko hapa: wakati wa kupanda, wa mbele washike mirunda mikononi, wa nyuma waweke mabegani, ndipo kiti kinabaki sawa. Wao walianza wote mabegani, mtoto akawa anatazama mawingu. Akawaambia, "Kaka zangu, mbele shusheni! Mimi si bwana harusi." Kuanzia hapo amri zote zilikuwa zake.

Juu mwongozaji akatuonyesha wanyama, kisha watu warefu wembamba wa rangi nyekundu. Kuna mmoja kashikwa mikono huku na huku. Mtafiti Mary Leakey, aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, alimwona kama mwanamke anayetekwa, wawili wanamvuta na wawili wanamzuia. Wengine wanasema ni ngoma ya matambiko. Kijana aliitazama kwa muda mrefu, jasho la wale wanne bado linadondoka pembeni yake.

"Hatekwi huyu," akasema. "Wanampandisha."

Mmoja wa wale vijana akasogea kuangalia upya.

Kushuka tulimgeuza, mgongo ukatangulia bondeni, wale wa mabegani wakabaki upande wa chini. Garini mdogo wake aliongea bila kumeza mate hadi Kondoa. Kijana sasa anataka kwenda kula samaki Mtera, na kamba nimeshamkabidhi kondakta wa basi la Iringa.