Waya ya kibanda cha sungura kwenye pua ya Porsche

Ndio, ile waya kwenye midomo ya kuingizia hewa mbele ya gari yangu ni kofi trei, ile ile ya kutengenezea vibanda vya sungura, nimenunua hadwea hapa Nakuru nikakatiwa mita moja kama mfugaji yeyote. Watu wamecheka kwa petroli stesheni, wamecheka Salgaa, na jirani yangu hapa mtaa wa Section 58 amefika mahali ananisalimia kwa kuuliza kuku wanaendeleaje. Sasa wacha nieleze ilifikaje hapo maana nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Gari ni Porsche Boxster ya 2003, ile wanaita 986, enjini ya lita 2.7. Enjini iko nyuma ya viti, kwa hivyo mtu akisikia nasema radieta ziko mbele anadhani nimechanganyikiwa. Lakini ndivyo ilivyo, maji yanatoka nyuma yanasafiri na mapaipu chini ya gari mpaka mbele, ambako kuna radieta mbili, moja kila kona, mbele ya gurudumu. Na mbele ya kila radieta kuna kondensa, ile ya kupoza gesi ya AC, zimebanana hivi kama chapati mbili kwa sahani moja. Hewa inaingia kwa mdomo wa bampa, inapita kondensa, inapita radieta, kisha feni, inatokea kwa gurudumu. Na huo mdomo uko wazi kabisa! Hakuna wavu, hakuna chochote. Ukichuchumaa mbele ya gari unaona kondensa yenyewe inakuangalia, alumini laini ambayo unaweza kuikunja fini zake, zile mbavu nyembamba, kwa kucha.

Sasa mimi karibu kila wikendi ya pili naenda kumuona mama yangu kule Kibos. Nakuru, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, Kisumu, halafu unakata kuelekea kwenye miwa. Anayeijua hiyo njia anajua kila sehemu ina takataka zake. Huku juu ni kokoto zinazorushwa na malori, hasa pale wamemwaga lami na kokoto juu yake wakaacha magari ndiyo yakanyage. Ukifika Kericho ni majani. Ukishuka kule Muhoroni na Kibos ni trekta za miwa, ile trela imejaa mpaka inayumba, na nyuma yake barabara nzima ni majani makavu ya miwa yanaruka kama karatasi. Na jioni ukikaribia ziwa kuna wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi, wanazidi sana mwezi ukiandama, unapita hapo dakika tano kioo chote ni kijivu.

Mwaka jana AC ikafa. Nikapeleka kwa fundi, akajaza gesi, ile R134a, ikafanya kazi wiki tatu. Nikarudi, akajaza tena, mwezi haukuisha. Mara ya tatu ndio nikaanza kujiuliza huyu mtu anajaza gesi ama anamwagilia maua. Hakuwahi kufungua bampa hata siku moja, alikua anashika tu zile valvu anaunganisha mashine, anaangalia geji, anatoa risiti.

Nikampelekea mzee mwingine, fundi wa zamani ambaye kazi yake ilikua magari ya rali, akachuchumaa mbele na tochi ya simu akakaa kimya kitambo halafu akaniambia, "Kijana wangu, hii gari imekula shamba." Tukatoa bampa siku hiyo hiyo. Si ngumu, skrubu za kichwa cha nyota juu ukifungua boneti, zingine chini, zingine kwa plastiki za ndani ya madigadi, shida ni moja tu, zile za chini zimeshika kutu na lazima uzibembeleze.

Kati ya kondensa na radieta ya kulia kulikua na kitu unene wa kidole gumba. Nilidhani ni sponji ya gari. Kumbe ni majani, yameoza yakashikana na tope na mafuta mpaka yakawa kama kipande cha mkeka. Tulikitoa kizima. Ndani yake kulikua na manyoya ya kuku, vipande vya maganda ya miwa, nyuki wengi sana, nusu ya kipepeo, na juala jeusi jepesi lile la sokoni. Hapo ndio tulicheka mpaka mzee akakaa chini, maana yale majuala yalipigwa marufuku Agosti 2017! Mwenye gari aliyenitangulia na mimi mwenyewe, hakuna aliyewahi kuangalia huko ndani.

Na pale chini kwenye kona ambapo huo mkeka ulikua umelalia, kondensa ilikua imegeuka unga mweupe. Unaigusa inabaki kidoleni. Kokoto zilikua zimekunja fini za mbele ndio, lakini iliyotoboa si kokoto, ni unyevu, yale majani yanashika maji siku nzima baada ya mvua, na chumvi na uchafu wa barabara, alumini inaliwa polepole. Kwa hivyo gesi ilikua inatokea hapo muda wote. Nilipata kondensa nyingine iliyotumika, bei yake sitaki kuitaja mke wangu anasoma hapa.

Baada ya hapo nikasema lazima niweke wavu, na hapa ndipo nilifanya ujinga. Nilichukua ile nyavu ya mbu ya madirisha. Nilifikiria tundu dogo ndio ulinzi mzuri, hakuna kitu kitapita. Na kweli hakikupita kitu, hata hewa. Nilifika Kisumu Ijumaa jioni na mwezi ndio ulikua umeandama, asubuhi ile nyavu ilikua kama imepakwa uji. Nikapangusa kidogo na kitambaa, nikaona imetosha. Jumapili narudi, kutoka Ahero mpaka Kericho ni zaidi ya mita 800 za kupanda, mbele yangu malori mawili, jua la saa nane, AC imewashwa. Sindano ya joto kwa hii gari hua inakaa pale kwa 80 haitikisiki, siku hiyo ikaanza kuondoka. Nikazima AC, nikafungua hita yote ivute joto la enjini, na madirisha yote, nikapita Kapsoit natoa jasho kama mtu wa kubeba mawe. Nilisimama kando nikakata zile zip tai zilizoshika nyavu na kisu cha maembe.

Yule mzee ndiye alinipeleka hadwea. Aliniambia nyavu si ya kuzuia kila kitu, ni ya kuzuia kile ambacho hakiwezi kutoka chenyewe. Mdudu apite, mchanga upite, hao watapeperuka ama watasafishwa na maji. Jani, kokoto na juala visipite. Nilipima kofi trei na venia, kile kipimo cha fundi, tundu ni milimita 6 na waya haifiki milimita 1, sasa piga hesabu, 6 gawanya kwa 7 (tundu na waya pamoja) halafu uzidishe kwa yenyewe, unapata kama asilimia 73, yaani karibu robo tatu ya mdomo iko wazi hata ukihesabu vibaya. Na zile kokoto za kumwagia lami nyingi ni za milimita 10 kwenda juu, hizo zinagonga zinarudi. Kuna wavu wa alumini mweusi wanauza kwa watu wa Subaru, ni mzuri na unapendeza kuliko huu, lakini tundu zake zile nilizoona zilikua kubwa jani la muwa linaingia limelala.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi moja. Nilikata katoni kwanza kwa umbo la mdomo, nikakata waya ikizidi vidole viwili kila upande, nikaikunja kingo, nikapaka primer na rangi nyeusi isiyong'aa. Nimeifunga kwa bampa yenyewe, mbele kabisa. Waya ni chuma, kondensa ni alumini, vikigusana na maji ya mvua unarudi kwa ule unga mweupe, kwa hivyo nimeacha nafasi ya ngumi nzima na kingo nimezivika mpira wa mlango uliokatwa. Zip tai nyeusi, sita kila upande, ndio nikitaka kuosha nakata natoa.

Sasa ni miezi saba. Sindano haijatoka 80, hata ile siku nilikwama nyuma ya trela mlimani karibu na Londiani. Kila nikirudi kutoka Kibos nachuchumaa natoa majani kwa mkono, upande wa kulia daima ni mengi kuliko kushoto, sijui ni kwa sababu napenda kuendesha karibu na mstari wa katikati ama vipi. Kuna kokoto moja ilikua imekwama kwenye tundu kabisa, nimeiweka kwa dashibodi.

Kitu kimoja sikukifanya vizuri, zile ncha nilizokata nilipaka rangi haraka na zimeanza kutoa kutu, mchirizi wa kahawia umeshuka kwa bampa nyeupe. Na feni ya kulia haizunguki kwa spidi ya chini, mzee anasema ni rezista, ile ya kupunguza umeme wa feni, hiyo nayo ilikua imekaa kwa ule mkeka. Nimeagiza. Jumamosi nikipata nafasi natoa waya zote mbili napaka upya, na jirani ameshaniambia atakuja na sungura.