Kaburi la Voi

Nauli ya Mombasa hadi Voi ilikuwa imepanda kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa, na makanga hakutaka kusikia la mtu. Nililipa. Nikabanwa kiti cha nyuma kati ya gunia la nazi na mama aliyempakata mtoto. Ningeweza kupanda treni, lakini nilichelewa kukata tiketi, na kaburi nililokuwa naliendea nilikuwa nimeliahirisha mara nne.

Maungu gari ikatoa mvuke, ikazima. Dereva akafunua boneti, akasema maji ya rejeta yamekwisha, kisha akasema si maji, ni paipu. Tukashushwa juani. Makanga akaapa kwamba gari nyingine iko njiani, na nauli akakataa kurudisha. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili. Chupa ya maji barabarani ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya Mombasa, na ilikuwa ya moto.

Nikajisogeza kwenye kivuli cha mgunga, alipokuwa mzee mmoja anauza makaa. Akaniuliza safari ya wapi. Nikamwambia naenda Voi kuzuru kaburi la mwanajeshi aliyeuawa Maktau, magharibi ya Voi, katika vita ya kwanza ya dunia.

"Mtu wenu?"

"Hapana, baba. Mzungu, wa Australia."

Akanyamaza kidogo, akanyoosha mkono kusini. Mlima Kasigau ulikuwa pale, wa buluu, peke yake katikati ya nyika. "Na wale wa kule, nani anawazuru?"

Sikuwa na la kumjibu, maana wa kule ndio wetu. Mama yake bibi alizaliwa Kasigau. Agosti 1915 Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, waliishambulia kambi ya Waingereza hapo mlimani, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Wakawahamisha Wakasigau wote hadi Malindi. Watu wa mlimani, wa hewa baridi, wakatupwa pwani kwenye joto na homa. Wengi walikufa huko. Mama yake bibi alikuwa mtoto wa mgongoni, akapona. Kaka yake mkubwa akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi tena. Nyumbani kwetu hadithi huishia hapo.

Nilimweleza mzee huyo yote, mbele ya watu wanaolalamikia nauli yao. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia bodaboda ya kwenda Rukanga, chini ya mlima, ni kiasi gani, na nisikubali kutozwa zaidi.

Voi niliingia alasiri, joto limetulia juu ya mabati. Sitaeleza chumba nilicholala, ila feni ilikuwa ya kutazamwa tu na pesa walichukua kamili. Asubuhi nikaenda makaburini. Nyasi zimekatwa, mawe yamenyooka kwa mistari. Sikukawia kuliona jina lake: Wilbur Dartnell, na herufi mbili, VC, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza.

Alizaliwa Melbourne mwaka 1885. Akaoa 1907, akahamia Afrika Kusini na mkewe. Vita ilipozuka akavuka hadi Uingereza, akapewa cheo cha luteni katika Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi kilichokusanya wawindaji na wasafiri, akiwemo Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa na miaka zaidi ya sitini. Mwaka 1915 wakashuka Mombasa. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameishika Taveta, mpakani, na doria zao zilikuwa zikipenya nyikani kulipua reli ya Uganda. Waingereza nao walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Dartnell alipigwa risasi ya mguu. Wenzake walikuwa wakimbeba kumwondoa. Adui alikuwa hatua chache tu, na majeruhi waliozidiwa hawakuweza kuondolewa. Akakataa kubebwa. Akataka aachwe pamoja nao, akitumaini kuwaokoa. Akauawa hapo, na miaka yake thelathini.

Nilisimama mbele ya kaburi hilo nikamlilia, nasema kweli. Mtu aliyekuwa tayari mikononi mwa wenzake akaomba ateremshwe!

Lakini tangazo la nishani yake, la Desemba mwaka huohuo, linasema alifanya hivyo akijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Sentensi hiyo nilikuja nayo kutoka Mombasa, na pale kaburini ikanichoma upya. Askari hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo, vijana wa mama zao, na habari zao karatasini ni hiyo tu. Upande wa pili, wa Waingereza, kina kaka yake mama wa bibi walipanda na kushuka na masanduku ya risasi vichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Sanamu ya askari jijini Nairobi inawaita miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako.

Nikampigia mama simu palepale.

"Mama, yule kaka aliyechukuliwa na jeshi aliitwa nani?"

Kimya. "Sisi tulisikia tu 'yule mpagazi'. Labda shangazi wa Rukanga anajua. Lakini amezeeka sana, mwanangu, usikawie."

Safari ya Maktau, niliyokuwa nimeipanga baada ya Voi, nikaiacha. Nikarudi stendi, nikalipa nauli ya hadi Maungu tu.