Msimu wa 3,300 na daftari la bwana wa riba

Watu wa huku Tandahimba, mkoa wa Mtwara, ukiwatajia msimu wa 2018 wanaanza na ile minada ya korosho ya Oktoba, wakulima tulivyogoma, maana wanunuzi walikuwa wanatia shilingi 1,900 mpaka 2,700 kwa kilo wakati msimu wa nyuma yake korosho ilipita 4,000, afu Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi ndo litabeba. Nilikuwepo, niliona malori. Ila mimi msimu ule naukumbuka zaidi kwa deni, na kwa dada mmoja alotukalisha chini tukalihesabu.

Deni lilianza mwezi wa saba. Mume wangu alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya ngiri Ndanda, daktari kamwambia asibebe kitu kizito miezi kadhaa, na wenye mikorosho mnajua mwezi wa saba ni mwezi gani, maua yanatoka, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukishakaa kwenye maua basi tena, utabaki kuangalia miti. Ile mota ya kupulizia dawa ukiijaza salfa ni mzigo wa mwanaume mzima mwenye mgongo mzima. Kwahiyo ilibidi tuweke vijana, tununue salfa, tununue petroli, na hela yote ilikuwa imebaki hospitali. Kwenye kikoba chetu nilishachukua 200,000 ya matibabu, duka la pembejeo tayari walikuwa wanatudai, benki hakuna wa kutusikiliza. Ndo tukaenda kwa yule bwana.

Simtaji. Alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana, ananiita shemeji na mimi namuita shemeji. Alitupa 600,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, yani 120,000 kila mwezi, tulipe korosho zikilipwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari la shule, yeye akabaki nayo. Ni riba ya kuua lakini ilikuwa hiyo au unga ule maua, na mimi mpaka leo naona tulifanya kilichotakiwa kufanywa, mikorosho ile ilizaa.

Na tulikuwa tunamlipa. Nauza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, nikipata namtumia kwa M-Pesa, mwezi wa nane 120,000, mwezi wa tisa laki, na nyingine akasema nitume kwa namba ya mkewe kwasababu laini yake inasumbua.

Korosho tukapeleka ghalani AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kilo 640. Msimu ukawa ule ulokuwa, mnada ukasimama, serikali ikachukua, uhakiki wa wakulima ukaanza kwenda chama kwa chama, na kwetu Novemba ikaisha hela haijaingia, Desemba ikaisha haijaingia. Hatukuwa peke yetu. Mwenye duka la pembejeo nilimfuata mwenyewe akasema mama hata mimi nasubiri hizo hizo korosho, akaandika tarehe nyingine yakaisha. Kinamama wa kikoba nao wakanisogezea mbele, nusu yao walikuwa kwenye hali yangu.

Yule bwana ndo hakuelewa. Alianza kwa simu, afu akaanza kuja alfajiri kabla ya watu hawajatoka swala ya asubuhi, afu akawa anakuja saa ambayo nina wateja kwenye vitumbua, anasimama pembeni anasema kwa sauti, shemeji leo vipi. Watu wanageuka. Siku moja akaja na vijana wawili na pikipiki, akasema anachukua ile mota na godoro. Mume wangu alikuwa amelala ndani, mshono haujatulia, nikasimama mlangoni nikasema godoro mtalitoa na mgonjwa juu yake. Wakaondoka ila akaacha neno: ana karatasi ya shamba anataka tuisaini, tumpe mikorosho misimu miwili avune yeye, deni liishe.

Kuweka rehani mikorosho huku kwetu ni jambo la kila siku. Mtu ana shida mwezi wa tano anampa mwenye hela miti yake, msimu ukifika anaona mwenzie anaokota kwenye shamba la babu yake yeye kakaa barazani. Shamba letu kwanza wala si la mume wangu, ni la kwetu mimi, miti ile alipanda bibi mzaa mama, na kwa sie wamakonde huwezi kulishika bila mjomba. Nililia usiku ule, na sikumwambia mtu, maana aibu ya deni inakufunga mdomo kuliko hata njaa, na hawa watu wa riba hiyo aibu wanaijua vizuri sana ndo maana wanakuja wakati una wateja.

Aliyeniokoa ni mteja. Mama mmoja anayenunua vitumbua vya kwenda kuuza shuleni, alisikia yule bwana akiongea, akanisubiri mpaka watu wamepungua akaniambia mdogo wangu, kuna dada anaitwa msaidizi wa kisheria, anakaa siku za gulio pale karibu na ofisi ya kata, nenda, hatozi hela. Mi nilijua mambo ya sheria ni ya mawakili wa mjini Mtwara, ni nauli na bahasha. Nikaenda tu kwasababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Dada mwenyewe mdogo, kavaa ushungi, ana mkoba wa nailoni umejaa mafaili. Akanieleza kabisa kwamba yeye si wakili, mahakamani hasimami, kazi yake ni kueleza watu haki zao na kuwakutanisha wasuluhishe, na kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inayowatambua watu kama yeye. Nikaanza kumwaga yaliyonijaa, mota, godoro, mshono, vitumbua, akaniacha niseme mpaka niishe. Afu akaniuliza swali moja tu, unadaiwa shingapi?

Nikasema sijui, anasema milioni na laki sita na kitu. Akasema sijakuuliza yeye anasemaje. Unadaiwa shingapi?

Akatoa karatasi tukaanza kuandika. Kila mtu tunayedaiwa naye, alitoa lini, shingapi, tulikubaliana nini, tumerudisha nini. Akaniambia nitoe simu. Tukarudi nyuma kwenye meseji za M-Pesa, yani za miezi mitano huko, mi nilikuwa nafuta meseji za matangazo lakini za hela nashukuru nilikuwa naziacha. Tukaipata ya Agosti, 120,000 imeenda kwa fulani. Ya Septemba laki. Ya Oktoba 80,000 kwa jina la mkewe. Nyingine 60,000 ilikuwa imetoka kwenye simu ya mwanangu wa kiume, ikabidi nirudi nyumbani nikaichukue. Akaandika moja moja na namba ya muamala, ile namba ndefu yenye herufi, jumla 360,000. Nilipoiona ile jumla mwili ulipoa. Mi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini sijalipa kitu.

Akanipa maneno matatu manne ya kushika. Usisaini chochote nyumbani kwako, akija mwambie tuonane ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa karatasi ya daftari, lazima halmashauri ya kijiji iridhie, na mjomba wako ajue. Na ile ya kuja kubeba vitu ndani hana hayo mamlaka, hata mahakama yenyewe ikimpa mtu haki, Sheria ya Mwenendo wa Madai imezuia kukamata vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za mkulima. Kwahiyo mota ile ni zana yako. Nilimwambia arudie hiyo ya godoro, akarudia.

Mjomba nilimuogopa kuliko mdai, lakini alipoambiwa hakunigombeza, alisema tu kwanini mmekaa na moto ndani hamjapiga kelele. Siku ya kikao alikuja na kanzu yake ya Ijumaa.

Tulikaa kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti yupo, mume wangu kajikongoja yupo, yule bwana kaja na daftari lake. Daftari gumu la kurasa nyingi, jalada limefungwa raba, kila mteja ana ukurasa wake. Dada akamuomba kwa heshima kabisa, kaka yangu naomba utusomee ukurasa wa hawa. Akasoma: 600, 720, 864, 1,036, hivo hivo mpaka mwezi wa kwanza 1,790,000 na kidogo, toa 120,000 aliyolipa shemeji, inabaki 1,670,000. Dada akaweka kalamu kwenye ile 864 akauliza, hapa mwezi wa pili wa deni umeongeza 144,000. Mlikubaliana 120,000. Hii 24,000 imetoka wapi? Akasema riba inaenda na deni linavyokua. Dada akasema lete karatasi mliyoandikishana. Akaitoa, mtendaji akaisoma kwa sauti, imeandikwa 120,000 kila mwezi, hakuna neno la riba kuzaa riba, na imeandikwa mpaka korosho za Novemba.

Kimya. Afu dada akaweka simu zetu mbili mezani na ile orodha. Akasoma miamala minne, tarehe, namba, jina la mpokeaji. Kwenye daftari la yule bwana kulikuwa na mmoja tu. Alipofika kwenye jina la mkewe bwana akasema hiyo sikuambiwa nyumbani, mjomba akamwambia taratibu, mwanangu, mkeo na wewe mnakula chungu kimoja.

Jambo lingine mi sikulijua mpaka kikao kilipoisha, mwenyekiti ndo alinieleza. Yule bwana alikuwa anafanya kangomba pia, ananunua korosho kwa watu wenye shida kwa bakuli na kwa bei ya kutupa, na msimu ule wenye korosho bila shamba walikuwa wanaulizwa shamba liko wapi. Mtu wa namna hiyo karatasi ya mikorosho yetu ingemfaa sana. Na hakutaka maneno yawe mengi mbele ya mtendaji. Mi siwezi kuapa alichokuwa nacho moyoni, lakini ukiangalia alivyolazimisha shamba wakati hela ya serikali ilikuwa inajulikana itakuja, inaingia akilini.

Tukakubaliana hivi: riba ihesabiwe miezi mitano ya makubaliano tu, kucheleweshwa kwa korosho si kosa la mkulima. 600,000 na riba 600,000 ni milioni na laki mbili, toa 360,000, inabaki 840,000. Bado ni hela nyingi sana na dada alisema wazi riba ile ni kubwa mno, lakini sisi tuliikubali kwa mdomo wetu na mume wangu hakutaka kumdhulumu mtu. Siku ile ile tukatoa 40,000, laki tano tulipe hela ya korosho ikiingia, zinazobaki 75,000 kila mwezi. Kila malipo yapite kwa mtendaji na risiti itoke. Asije nyumbani, asije kwenye vitumbua. Hiyo ya vitumbua niliomba mimi iandikwe, mtendaji akacheka kidogo lakini akaiandika, na wote tukasaini na mhuri ukagongwa.

Hela ya korosho iliingia benki mwezi wa tatu. Tulienda na mume wangu Tandahimba mjini, foleni mpaka nje, tukatoa laki tano tukapeleka moja kwa moja, afu kikoba, afu pembejeo. Zile 75,000 ndo zilinitoa jasho, mwezi mmoja nilipungukiwa nikaenda kusema kabla ya tarehe kama dada alivyonifundisha, nikapewa wiki mbili. Ya mwisho nililipa kwa hela ya mbaazi. Yule bwana akaandika sina dai, akarudisha ile karatasi ya kwanza, mtendaji akaichana pale pale na ile ya shamba ambayo haikuwahi kusainiwa nayo ikachanwa.

Sheria ya wakopeshaji wadogo ilipitishwa mwaka ule ule wa 2018 na siku hizi anayekopesha watu anatakiwa awe na leseni, lakini wa mitaani wasio na leseni wapo tele na jina wanaloitwa sasa hivi ni kausha damu. Yule mama wa vitumbua vya shuleni alipita wiki iliyofuata baada ya mimi kumaliza, kaja na jirani yake kashika simu mkononi, anauliza ile siku ya dada ni Jumanne au Alhamisi. Nikawaambia nifunge vitumbua twende wote, na meseji za hela msifute hata moja.