Ukirudi Kisumu, beba karatasi, mashine iache

Mchoraji anayechapa picha zake kutoka kwenye ubao au bamba alilolichonga, akifunga virago kurudi nyumbani, swali la kwanza huwa mashine: niisafirishe vipi? Jibu ni fupi. Iuze hukohuko majuu, na nafasi yake kwenye mzigo ijaze karatasi.

Mashine ya kuchapia ni rola mbili, bamba la chuma linalopita katikati, usukani, na skrubu mbili za kukazia. Hakuna kitu hapo kinachomshinda fundi wa jua kali wa soko la Kibuye, mradi umsimamie sehemu mbili. Ya kwanza ni rola. Bomba jembamba likikazwa hubonyea katikati, na chapa inatoka imekolea kando na kupauka pale penye uso wa mtu. Kwa upana wa sentimita 50, dai bomba lenye unene wa milimita 12 au zaidi, likishachomelewa mhimili wake ndipo likerezwe. Likikerezwa kabla, joto la kuchomelea litalipinda upya na kazi yote itakuwa bure. Ya pili ni bamba. Chuma cha milimita 10 kikikatwa kwa moto wa gesi hujikunja kingoni, na nyundo haitakinyoosha. Kikatwe baridi. Kabla ya kulipa, weka rula ndefu ya chuma juu yake, fundi amulike tochi kwa upande wa pili. Mwanga ukipenya, mwambie kwa upole kwamba kazi haijaisha.

Anayechonga lino, ile mikeka laini ya linoliamu, ya ukubwa wa A4 hahitaji hata hiyo. Jeki ya lori ya tani 20 ndani ya fremu ya chuma inatosha. Na mgongo wa mwiko wa ugali, ukizungushwa kutoka katikati kwenda kingoni juu ya karatasi nyembamba ya gramu 60 hadi 90 kwa mita ya mraba, hutoa chapa safi kuliko mashine mbovu.

Karatasi ndiyo taabu. Inayofaa ni ya pamba tupu, isiyo na asidi, gramu 250 hadi 300, na madukani utakutana zaidi na manila. Manila ni ya majaribio: hugeuka manjano, kisha hukatika kwenye mkunjo. Hapo mtu atanitajia msanii wa Kenya Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere miaka ya 1950 na baadaye akatengeneza kolaji, yaani picha za kubandika, kwa vipande vya pakiti za sabuni na unga. Kweli kabisa, lakini yeye alikuwa akiifanya pakiti yenyewe iwe picha. Wewe unamuuzia mtu karatasi ukimwahidi itadumu.

Isafirishe ikiwa bapa kati ya mbao mbili za plaiwudi. Usiikunje kama mkeka, kwa maana karatasi nzito iliyokaa miezi ikiwa imeviringwa hailali tena. Ikifika, adui ni unyevu wa ziwa. Kuvu huacha vidoa vya rangi ya kutu visivyotoka, na mende hula ile gundi iliyopakwa usoni mwa karatasi. Rafu isiguse ukuta wa nje, na iwe juu ya sakafu kwa sentimita 30 au zaidi. Unayechapa kwa bamba la shaba, loweka karatasi za siku hiyo tu, dakika 15 hadi 30. Furushi lenye maji likiachwa kwenye joto la Kisumu litakuwa na kuvu ndani ya siku chache.

Wino nao hubadilika tabia. Kwa joto la mchana hulegea na kuziba mistari myembamba uliyoichonga kwa jasho. Chapa asubuhi, au uukaze kwa unga kidogo wa magnesi kaboneti. Sikiliza rola: wino wa kutosha hulia kwa sauti nyembamba, kama chapati inayoanza kushika kikaango. Ukisikia mlio wa gambuti zikinasuka matopeni, umezidisha, kwangua. Tena wino wa mafuta haukauki kwa kupoteza maji, hukauka kwa kushika oksijeni, kwa hiyo kuzirundika chapa kwenye kabati lililofungwa hakusaidii. Masika, chapa zilizokuwa zikikauka kwa siku tatu au nne zinaweza kutaka wiki nzima kwenye kamba yenye upepo.

Sasa riziki. Picha ya turubai huuzwa mara moja. Ubao mmoja wa toleo la chapa 20, kwa mfano shilingi 6,000 kila moja, ni 120,000, na galeri mara nyingi huondoka na asilimia 30 hadi 50. Peterson Kamwathi ni miongoni mwa Wakenya waliofika mbali wakiwa na chapa za mbao, kwa hiyo soko lipo. Lakini wateja wengi bado wataona 7/20, yaani ya saba kati ya ishirini, na kudhani ni fotokopi. Usibishane nao. Waonyeshe ubao wenyewe, waupitishie kidole.

Namba na sahihi ziandikwe kwa penseli chini ya picha. Kalamu ya wino hupauka. Chapa za msanii, zile anazobaki nazo mwenyewe nje ya namba, kwa kawaida kama asilimia 10 ya toleo, ziandikwe hivyo na ziingie daftarini pamoja na tarehe, aina ya karatasi na jina la mnunuzi. Ishirini ikitimia, chora mstari mmoja wa patasi kukatiza ubao wote ili usichapwe tena, uchape nakala moja ya ubao ulioharibiwa, uibandike kwenye daftari hilo.

Za kupeleka Nairobi kwa basi hutosha bomba la plastiki la inchi 4 kutoka hadiwea, safari ni ya siku moja. Ziwe zimekauka kweli: gusa pale penye wino mzito zaidi kwa karatasi nyeupe, ukibonyeza kwa kidole gumba. Ikitoka na doa, gari la kesho.